Majina ya Watu Afrika Mashariki: Asili, Maana na Safari Yake

Jina la Julius Kambarage Nyerere lina maneno matatu yaliyotoka katika dunia tatu. Julius ni jina la ukoo mashuhuri wa Roma ya kale, naye alilipokea alipobatizwa mwishoni mwa mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Alipozaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembeaji, lakini mganga mwenye kupiga ramli akashauri mtoto aitwe kwa mzimu huo, na jina likabadilishwa. Nyerere ni neno la Kizanaki lenye maana ya kiwavi. Lilikuwa jina la baba yake, Nyerere Burito, aliyezaliwa mwaka 1860, wakati viwavi walipovamia nchi.

Ndani ya jina hilo moja limo janga la mashamba la karne ya 19, imo imani ya wazee wa Mara, na imo safari ya Kanisa Katoliki kutoka Roma hadi kando ya Ziwa Victoria. Majina mengi ya Afrika Mashariki yana tabaka za namna hiyo. Kila zama ilikuja na majina yake, lakini yaliyotangulia hayakufutika. Yalisogea, yakayapisha majina mapya, yakabaki ubavuni mwake. Kwa sababu hiyo majina ya watu ni mojawapo ya hazina kubwa za historia ya eneo hili, nayo yameihifadhi hata pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Saa, msimu na tukio

Njia moja iliyoenea sana ya kumpa mtoto jina ni kuangalia alizaliwa lini na katika hali gani. Waluo, wanaoishi kuizunguka Ghuba ya Winam nchini Kenya na kuvuka mpaka hadi Mara nchini Tanzania, wameigawa siku nzima kwa majina ya watu. Herufi ya mwanzo huonyesha jinsia: O kwa mvulana, A kwa msichana. Wa alfajiri ni Omondi au Amondi, wa asubuhi ni Okinyi au Akinyi, na wa jua linapopanda kabla ya adhuhuri ni Onyango au Anyango. Jua kali la mchana humpa mtoto jina la Ochieng' au Achieng', jioni ni Odhiambo au Adhiambo, usiku ni Otieno au Atieno, na usiku wa manane ni Oduor au Aduor. Kama mvua ilikuwa inanyesha, mtoto ni Okoth au Akoth. Kama mama alijifungulia nje ya nyumba, ni Ooko au Aoko, na aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka ni Owino au Awino.

Wakalenjin wa Bonde la Ufa wana mtindo unaokaribiana na huo, ila wao hutumia viambishi Kip- au Ki- kwa wavulana na Chep- au Che- kwa wasichana. Kiprop na Cherop walizaliwa wakati wa mvua, Kibet na Chebet mchana, Kipkoech na Chepkoech kulipopambazuka. Kiprotich alizaliwa saa ng'ombe wanaporudi zizini. Kipchoge alizaliwa karibu na ghala la nafaka, na jina hilo lilijulikana dunia nzima baada ya Kipchoge Keino kushinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Majina haya yanaonyesha jinsi wafugaji walivyoipima siku: kwa mwendo wa mifugo na kazi za nyumbani.

Kwa Waluhya wa Bungoma na jirani zao, kipimo ni msimu wa kilimo. Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Wanjala na Nanjala ni wa njaa, na njaa hiyo si lazima iwe baa kubwa. Mara nyingi ni ile miezi ya ukata ambayo ghala limekwisha na shamba halijaiva. Wakamba wana Kioko wa asubuhi, Mutuku wa usiku, Wambua wa mvua na Kyalo wa safari. Wasukuma wana Mabula wa mvua na Makoye, aliyezaliwa nyumba ikiwa katika matatizo.

Kuzaliwa kwa mapacha kuliwekewa majina maalumu karibu kila mahali, kwa kuwa lilikuwa jambo lenye uzito wa pekee. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa Waluo ni Opiyo na Odongo, wa kike wakiwa Apiyo na Adongo, na anayewafuata ni Okello au Akello. Waganda huwaita mapacha wa kiume Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, na anayefuata ni Kizza. Huko Buganda wazazi nao hupata majina mapya: baba huwa Ssalongo na mama huwa Nnalongo, na huheshimiwa kwa majina hayo maisha yao yote. Majina ya Kulwa na Doto yalitoka Usukumani na Unyamwezini yakaenea Tanzania nzima, hata leo mapacha wa Dar es Salaam, Waislamu kwa Wakristo, huitwa hivyo na familia ambazo hazina nasaba yoyote na Tabora wala Mwanza.

Majina yanayorudi

Wagikuyu walijenga utaratibu ambao jina halipotei. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza huitwa kwa bibi mzaa baba, wa pili kwa bibi mzaa mama, na wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi. Matokeo yake ni kwamba majina huzunguka: Kamau humzaa Njoroge, naye Njoroge humzaa Kamau mwingine. Ndiyo maana katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo akina Wanjiru na akina Mwangi wengi, kila mmoja akiwa amesimama mahali pa mzee fulani anayejulikana.

Baadhi ya majina ya wanawake wa Kigikuyu hurudi nyuma zaidi, hadi kwenye simulizi ya asili ya kabila lenyewe. Inasimuliwa kwamba Gikuyu na Mumbi walizaa mabinti walioanzisha koo: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangui, Wangari, Waceera, Wairimu, Nyambura, Wangeci na Wamuyu. Ndani ya Nyambura limo neno mbura, mvua, na ukoo wake ulisifika kwa uwezo wa kuiita mvua. Jina Kariuki nalo hutokana na kitenzi cha kufufuka. Wakamba wana jina la fikra hiyohiyo, Musyoka, yaani aliyerudi.

Kwa Waluo jina la saa ya kuzaliwa halikutosha. Mtoto alipolia bila kunyamaza, wazee walilitambua kuwa dai la marehemu anayetaka kukumbukwa. Walitaja majina ya wahenga, na jina lililomnyamazisha mtoto likawa lake, likiitwa nying juogi. Wakalenjin walikuwa na kurenet. Wanawake wazee walikaa na mtoto mchanga, wakaita majina ya waliokufa mmoja baada ya mwingine, wakingoja. Jina ambalo mtoto alipiga chafya lilipotajwa ndilo alilopewa, na waliokuwapo wakafurahi kwamba mzee wao amerudi nyumbani. Ugoro ulisaidia kuleta chafya hiyo.

Nchini Uganda jina hutaja ukoo. Kila ukoo wa Buganda, pamoja na mnyama au mmea wake wa mwiko, una akiba yake ya majina, na anayeyajua hutambua mara moja Mganda fulani ni wa ukoo gani na hawezi kuoa wapi. Magharibi yake, kwa Wanyoro na Watoro, kila mtu ana jina la nyongeza liitwalo empaako. Yako machache tu, hayafiki 15, nayo ni kama Abwoli, Akiiki, Amooti, Ateenyi, Atwoki, Adyeri na Araali. Hutumika katika kusalimiana: kumwita mtu kwa empaako yake ni kumpa heshima na upendo kwa pamoja, na mdogo kumwita mkubwa bila hiyo ni utovu wa adabu. Majina haya hayafanani na lugha za Kibantu za huko, na asili yake huhusishwa na wageni wa Kiluo waliotoka kaskazini karne nyingi zilizopita. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi ya empaako katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Majina yaliyo sentensi

Rwanda na Burundi ndiko sanaa ya kutunga jina ilikofika mbali zaidi, kwani huko jina linaweza kuwa sentensi kamili. Habyarimana maana yake ni kwamba Mungu ndiye anayezaa. Hakizimana husema kwamba Mungu ndiye anayeponya na kuokoa. Bizimana ni Mungu ndiye ayajuaye mambo, Nsengiyumva ni namwomba yule anayesikia, Ndayishimiye ni namshukuru yeye, na Nkurunziza ni habari njema. Imana linalotajwa humo lilikuwa jina la Mungu kabla ya wamisionari kufika, kwa hiyo majina haya ni ushahidi wa imani ya kale iliyokuja kupokelewa na Ukristo bila kubadilishwa neno.

Jambo jingine la pekee ni kwamba ndugu wa tumbo moja hawakuwa na jina la pamoja. Kila mtoto alitungiwa lake. Siku ya nane baada ya kuzaliwa ilikuwa siku ya kwita izina, kumpa jina. Watoto wa jirani walialikwa, wakapewa vijembe walime kidogo karibu na nyumba, kisha wakanawa, wakakaa na kula. Kila mtoto alipendekeza jina la mwenzao mpya, ndipo wazazi wakatangaza walilolichagua. Tangu mwaka 2005 Rwanda imeitumia desturi hiyo, kwa jina hilohilo la Kwita Izina, katika sherehe ya kila mwaka ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani.

Wahaya wa Kagera wako katika mapokeo hayo ya Maziwa Makuu. Kemilembe ni wa amani, Mugisha ni baraka, na Tibaijuka ni hawakumbuki. Jina la namna ya mwisho ni ujumbe. Mzazi aliyetendewa ubaya au kusahauliwa wema wake hakuhitaji kugombana na mtu. Alimwita mwanawe, na kila mara alipomwita, waliohusika walisikia.

Mwambao: Uislamu na ulimi wa Kiswahili

Mwambao wa Afrika Mashariki una majina yaliyoandikwa tangu karne nyingi zilizopita. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, iligunduliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha za karibu miaka elfu moja iliyopita. Nyingi zina majina ya watawala wa hapahapa mwambao, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala. Upande wa pili yako maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na mwisho wa maneno hayo una kina kilekile cha jina. Ndani ya kipande cha fedha chenye ukubwa wa ukucha, jina la mtu lilitungiwa ushairi.

Mfumo wa majina ya Kiislamu ulikuja na sehemu kadhaa, na Kiswahili kiliyachukua hata maneno yake: nasaba ni mnyororo wa bin na binti unaomuunganisha mtu na baba na babu, nisba hutaja ukoo au mji, kama Mazrui, Barwani au Shirazi, na lakabu ni jina la sifa. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Abu al-Mudhaffar Hasan, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake.

Mtoto wa Kiislamu huadhiniwa sikioni mara anapozaliwa. Siku ya saba hunyolewa nywele, hupewa jina na huchinjiwa akika: mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, kwa wenye uwezo. Majina yanayopendelewa ni yale ya kumtumikia Mungu, kama Abdallah na Abdulrahman, ya mitume, na ya watu wa nyumba ya Mtume Muhammad na masahaba zake. Maana zake ni za kheri: Ali ni aliye juu, Hasani ni mwema, Saidi na Masudi ni mwenye bahati, Amina ni mwaminifu, Halima ni mpole, Asha ni mwenye uhai, Rashidi ni mwongofu.

Majina hayo hayakubaki kama yalivyotamkwa Uarabuni. Ulimi wa Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo Maryam akawa Mariamu, Yusuf akawa Yusufu, Zaynab akawa Zainabu, Uthman akawa Athumani, Abu Bakr akawa Bakari na Sulayman akawa Selemani. Sauti ya kh ililainika kadiri jina lilivyosafiri kwenda bara: Unguja husema Khamis na Khadija, na Tabora au Morogoro husema Hamisi na Hadija. Fatima ni Fatma Visiwani na Fatuma bara. Hivyo namna ya kutamka jina yaweza kuonyesha familia ilikaa wapi.

Waswahili walichanganya kalenda ya Kiislamu na mpangilio wa Kibantu wa kuangalia siku. Juma na Mwajuma ni wa Ijumaa, Hamisi na Mwanahamisi ni wa Alhamisi, Jumanne ni wa siku ya nne ikihesabiwa tangu Jumamosi. Hapo hesabu mbili hukutana, kwani Jumatano ni siku ya tano kwa Kibantu, na Alhamisi inayoifuata nayo ni ya tano kwa Kiarabu. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi, Idi na Mwanaidi ni sikukuu, na Maulidi ni maadhimisho ya kuzaliwa kwa Mtume. Mwamvua ni mwana wa mvua, ndugu wa maana wa Nafula, Akoth na Cherop. Chausiku alizaliwa usiku. Mosi, Pili na Tatu ni majina ya mpangilio wa kuzaliwa.

Neno mwana lililo mwanzoni mwa majina mengi ya kike lilikuwa pia neno la heshima kwa bibi mwenye cheo. Mila za Mombasa zinamtaja malkia wa kale, Mwana Mkisi. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa pwani ya kaskazini aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alikuwa na jina lenye kitenzi cha Kiswahili cha kupata nafuu. Bi nayo iliungana na majina kwa njia hiyohiyo, kama katika Bimkubwa. Familia nyingi zilimpa mtoto jina la utotoni kwanza, na jina rasmi la ukubwani baadaye.

Majina ya kinga na ya mafumbo

Vifo vya watoto wachanga vilizaa majina ya pekee. Mama aliyezika watoto wawili au watatu aliogopa kumwita wa nne kwa jina zuri, asije akalitamanisha jicho baya. Mtoto aliitwa Sikitu, yaani si kitu, au Mtumwa, au Kijakazi. Jina baya lilikuwa ukuta. Majina ya Tabu, Shida na Mashaka yalihifadhi hali ya nyumba wakati wa uzazi, na Majaliwa na Sikudhani yalihifadhi shukrani na mshangao wa aliyekuwa amekata tamaa. Mengine yalielekezwa kwa jirani na mawifi: Semeni, kwamba waseme watakalo, na Siwatu, kwamba wale si watu. Majina haya ni jamaa wa maandishi ya kanga, na ni jamaa wa majina ya Wahaya. Yote husema hadharani jambo ambalo adabu hairuhusu lisemwe uso kwa uso.

Jina Mtumwa lina pia historia ya moja kwa moja. Karibu mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa binti wa Saad aliyeitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua, watu wa tabaka lililoguswa na utumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba, na sauti yake ikamletea jina jipya: Siti, neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye hadhi. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo za taarabu huko Bombay, na hadi anafariki mwaka 1950 alijulikana kwa jina la Siti binti Saad. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ndefu kuliko ile ya Fumba hadi mjini, na ilifanyika katika kisiwa ambacho utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu.

Watumwa wengi walinyang'anywa majina yao ya kwao na kupewa na mabwana majina ya vito, manukato au baraka: Feruzi, Almasi, Marjani, Ambari, Mabruki, Faraji. Maana zake ni nzuri, lakini nasaba haikuwamo, kwa sababu mtumwa hakuhesabiwa kuwa na ukoo. Kijana wa Kiyao aliyekamatwa na kuuzwa hadi Gujarat, India, alirudi Afrika akiitwa Sidi Mubarak Bombay. Aliwaongoza wasafiri wa Kizungu Burton, Speke na Stanley katika safari zao za bara. Mubarak ni aliyebarikiwa, na Bombay ni mji wa ng'ambo. Jina aliloitwa na mama yake halimo humo. Majina kama Feruzi na Almasi yalibaki mikononi mwa wajukuu walio watu huru, na leo ni majina ya kawaida yasiyo na fedheha yoyote.

Maji ya ubatizo

Kanisa lilileta wimbi jingine katika nusu ya pili ya karne ya 19. Waanglikana wa misheni ya UMCA walianza kazi Unguja mwaka 1864, mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na makazi ya Freretown yalianzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Waliobatizwa walipokea majina ya Biblia na ya watakatifu, lakini mara nyingi hawakuyaacha ya awali. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipewa upadre wa Kianglikana Zanzibar mwaka 1890 akiwa na jina la Kiingereza mbele na la Kiswahili nyuma.

Majina hayo ya ubatizo yenyewe yana asili nyingi. Yohana ni la Kiebrania, kwamba Mungu ana neema. Danieli, kwamba Mungu ndiye mwamuzi wangu. Petro ni la Kigiriki, mwamba. Stefano ni taji, Georgi ni mkulima, Sofia ni hekima. Paulo ni la Kilatini, mdogo, na Karoli ni la Kijerumani cha kale, mtu huru. Baadhi ya majina yalifika Afrika Mashariki mara mbili, kwa njia ya Kurani na kwa njia ya Biblia: Yahya na Yohana, Yakubu na Yakobo, Yunusi na Yona, Ilyasi na Elia. Na maana moja iliweza kuvaa majina mengi: Benedikto wa Kilatini, Mubaraka na Mabruki wa Kiarabu, Baraka wa Kiswahili na Mugisha wa Kihaya wote wamebarikiwa.

Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aliongeze mwenyewe la mtakatifu. Katika mazoea hayo majina ya wenyeji yalionekana kuwa ya kipagani. Mabadiliko yalianzia Buganda. Wakatoliki 22 waliouawa kwa imani yao kati ya mwaka 1885 na 1887 walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na majina yao ya Kiganda yakaingia kanisani. Leo wako akina Kizito na Lwanga wengi ambao si Waganda, kwa sababu majina hayo sasa ni ya watakatifu. Kanuni mpya za mwaka 1983 zinataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo.

Walutheri wa kaskazini mwa Tanzania walitunga majina yao wenyewe. Walichukua Eli, neno la Kiebrania la Mungu, wakaliunga na maneno ya hapa nyumbani: Elibariki, Elifuraha, Elisante, Elihuruma. Elibariki lina Kiebrania kichwani na Kiswahili chenye asili ya Kiarabu mkiani, na aliyeliunganisha alikuwa mzazi wa Kiafrika aliyeomba kwa lugha yake. Katika mapokeo hayohayo ya kumshukuru Mungu kwa maneno yanayoeleweka wamo pia Neema, Upendo, Tumaini na Imani.

Karani, siasa na uhuru

Serikali za kikoloni zilihitaji majina yasiyobadilika kwa ajili ya kodi na kazi. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume kubeba kipande chenye jina na habari zao. Mtu aliyekuwa na jina la utotoni, la jandoni na la uzeeni alitakiwa kuchagua moja. Shule nazo zilimtaka mwanafunzi awe na jina la ukoo kwa mtindo wa Ulaya, na jina la baba au babu, lililokuwa la mtu mmoja tu, likageuka kuwa la familia nzima. Hivyo ndivyo Nyerere, jina la mzee mmoja wa Butiama, lilivyokuwa jina la ukoo. Obama nalo lilikuwa la Mluo mmoja wa karne ya 19. Mwanawe, Onyango, aliongeza Hussein alipoingia Uislamu, na mjukuu akaitwa Barack, ambalo ni baraka. Majina hayo matatu ndiyo yaliyofika Ikulu ya Marekani mwaka 2009.

Kudai nchi kulikwenda pamoja na kudai majina. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone mwaka 1914, baadaye akajiita Kenyatta, kwa mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa, na mwaka 1938 akachukua jina la Jomo. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kujitawala, aliitwa Uhuru. Mwandishi aliyechapisha riwaya zake za kwanza kama James Ngugi aliliacha jina la ubatizo, akawa Ngugi wa Thiong'o.

Nchini Zaire, yaani Kongo ya leo, jambo hilo lilifanywa kwa amri. Mwaka 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristo, naye akajiita Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, ikambidi akae Roma kwa muda. Utawala huo ulipoondoka majina ya ubatizo yalirudi, lakini alama ya amri ile ilibaki. Hadi leo Mkongo huandika jina, kisha jina la pili la asili, ndipo jina la ubatizo.

Nchini Tanzania utaratibu uliozoeleka ni wa majina matatu: la mtu mwenyewe, la baba na la babu. Ni nasaba ya pwani ya bin na binti iliyopoteza viungo vyake na kuenea bara, ikitumiwa na watu wa dini zote. Jina la babu hukaa kwenye vyeti vya wanawe na wajukuu wake. Kitukuu anapoandikishwa, nafasi yake huchukuliwa na jina jingine. Kutoka hapo halitunzwi tena na karani. Hutunzwa na aliyeamua kumpa mtoto mchanga jina la mzee huyo.